Siku Tuliyokwenda Kuililia Uingereza Randburg

Niseme ukweli tangu mwanzo, maana hapa Bellevue, Johannesburg, habari hii imeshapita kila saluni na kila kinywa kimeongeza chumvi yake: ni kweli nilimlilia mzee ambaye alikuwa hai chumbani kwake anakunywa chai, ni kweli niliwaita wamama wa kanisa wakaja na sufuria zao, na ni kweli video ipo. Ninachokataa ni kile cha kwamba nilizimia. Sikuzimia. Nilikaa chini nikakataa kuinuka, na hayo ni mambo mawili tofauti, nawaomba mnaosimulia mliangalie hilo.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliiacha Uvira nikiwa mwaka wa pili wa sekondari, na kuongea sana si kazi yangu. Mume wangu, Baba Amani, ndiye aliyekuwa akiongea kwa niaba yetu wote wawili. Alikuwa mlinzi huku Johannesburg, akaugua, akafa, tukamzika hukuhuku. Siku za kilio chake wamama walilia, majirani walilia, hata mwenye nyumba alilia (yule ambaye ukimwambia bomba limepasuka hashtuki), lakini mimi machozi hayakuja. Nilikaa kwenye godoro, mkavu, nikitazama maua ya pazia. Wengine walisema nina moyo wa jiwe. Sikuwajibu, kwa sababu hata mimi sikujua ni wa nini.

Sasa lazima niwaeleze habari za hao wamama, la sivyo hamtajua kwa nini nilikataa kuinuka siku ile. Sisi Wakongomani na Warundi wa kanisa letu tuna grupu la simu, na kiongozi wake ni Mama Béatrice wa Bukavu, msusi wa Yeoville, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha teksi iliyo upande wa pili wa barabara. Akifa mtu, mmoja anatangaza kwenye grupu, na kabla mfiwa hajajua aketi wapi, wamama wameshafika na mikeka, unga, samaki na nyimbo, wanakaa naye chini, wanalala naye, hawamwachi. Ukiwa ugenini hiyo ndiyo familia. Lakini kuna sheria moja. Dada mmoja aliwahi kutangaza kifo cha mwanaume wa Diepsloot ambaye kumbe alikuwa amezima simu tu. Wamama wakafunga safari na mizigo yao kichwani, wakamkuta anafungua spaza yake, kile kiduka cha nyumbani, akawauliza kama wanataka mkate au sukari. Tangu siku ile ikapitishwa kwamba atakayetangaza kifo cha uongo anatolewa kwenye grupu, na kutolewa huko kunafika hadi siku yako mwenyewe: ukifa, hakuna atakayekuja kukaa chini na watoto wako. Mimi hapa nina Amani na mdogo wake tu, watoto wanaosikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, hawajui hata wimbo mmoja wa kilio. Nitoeni popote, msinitoe pale.

Kila Alhamisi nilikuwa nakwenda Randburg, kaskazini mwa jiji, kushona kwa Madame Doreen. Aliniambia nimwite Doreen peke yake, lakini mtu ana umri wa mama yangu, nitaanzaje? Yeye na mume wake, Mzee Cliff, ni Waingereza waliokuja huku vijana, mume akifanya kazi za migodi, na wamezeeka hukuhuku kwenye nyumba yao ndogo ndani ya geti. Nilikuwa naketi dirishani na cherehani ya Madame, napunguza suruali, nabadilisha zipu, na wao wanagombana nyuma yangu kuhusu Uingereza.

Jamani, wale watu waligombana. Mzee Cliff alitaka Uingereza itoke kwenye umoja wa nchi za Ulaya, Madame alitaka ibaki, na wala hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anaishi huko. Mzee alikuwa na malalamiko yake ambayo nilifikia kuyajua kwa mpangilio kama nyimbo za ibada: alianza na watu wa Ulaya wanaowapangia Waingereza mashine ya kufagia iwe na nguvu kiasi gani, zikaja treni zinazochelewa, wakaja vijana wasiopanga foleni, zikaja pakiti za majani ya chai kwamba zimekuwa ndogo kuliko zamani, na mwisho kabisa alimfikia jirani wa dada yake huko Uingereza, ambaye anatoa pipa la takataka siku isiyo yake. Madame akamwambia pipa la jirani wa dada yako linahusiana nini na Ulaya. Mzee akasema ndiko lilikoanzia.

Halafu kulikuwa na lile la wageni. Mzee alisema wageni wamejaa mno Uingereza, mtu anashindwa kuijua nchi yake. Alikuwa amesimama kwenye stuli wakati huo na mimi niko chini napima pindo la suruali yake, mimi mwenye karatasi ya ukimbizi ambayo naiombea upya kila mara kwenye foleni ndefu kuliko treni zake zote, na yeye anainama ananiuliza, kwa upole kabisa, kama sioni anavyosema kweli. Nilikuwa na pini mdomoni. Nikasema mmh. Pini zimeniokoa katika siasa nyingi.

Lakini msimchukie. Mzee Cliff alikuwa ananisalimia kwa Kiswahili, jambo, kwa sababu ujanani aliwahi kufanya kazi kidogo kwenye migodi ya Katanga, na akipata ndizi nzuri ananifungia za watoto. Ndivyo alivyo. Mdomo wake na mikono yake havijawahi kukaa kikao kimoja.

Basi, mwaka 2019, mwezi wa tatu unaelekea kuisha, nikafika Alhamisi moja nikakuta nyumba imenyamaza. Mzee hakuwapo sebuleni. Nilimsikia chumbani anakohoa, kikohozi kile kinachotoka chini kabisa kama mtu anavuta kabati. Madame macho yalikuwa mekundu. Akaniletea gauni jeusi nilibane kiunoni, kisha akaniletea kitambaa cheusi nikikate vipande virefu vyembamba vya kufunga mkononi, vingi, vya kutosha watu wa ukumbi mzima.

Kwetu, mtu akiandaa nguo nyeusi huku mgonjwa anakohoa chumba cha pili, humuulizi. Kuuliza ni kama kukifungulia kifo mlango na kukionyesha chumba. Unanyamaza, unafanya kazi, unaomba kimoyomoyo. Nilishona nikaomba. Nilishona vipande vile kwa uzi maradufu, maana nilimpenda yule mzee na pipa lake. Nikaondoka haraka nisilie mbele ya Madame, nikasahau mkasi wangu wa kukatia.

Hapo ndipo penye uamuzi wangu mdogo. Ningengoja Alhamisi nyingine. Lakini nilikuwa na kitenge cha bibi harusi kinanisubiri, na mkasi wa kuazima unatafuna kitambaa, kwa hiyo Jumamosi nikasema niende mara moja, nichukue, nirudi.

Nikafika. Uani kwa Madame pamesimama hema. Chini ya hema viti vya kukodi, vile vyeupe. Watu wazima wamevaa nyeusi, vipande vyangu vimefungwa mikononi. Na katikati, juu ya meza mbili zilizounganishwa, jeneza.

Na kilichonimaliza si jeneza lenyewe, ni kile kilicholifunika: kitambaa cha bluu chenye nyota za njano. Kilikuwa kimekunjwa, nyota zinaonekana chache tu, na ninyi mliosoma Kongo mnaikumbuka bendera yetu ya zamani, ile ya bluu yenye nyota za njano. Nikasema, Mungu wangu, mzungu huyu ameagiza azikwe na bendera ya Kongo. Zile siku chache za Katanga alizibeba moyoni maisha yake yote, na mimi nilimjibu mmh.

Mtu wa pengine angeuliza. Sisi hatuingii kwenye kilio tukauliza nani amekufa, ni aibu, unaingia na kulia kwanza, habari utapewa ukishakaa. Lakini kabla sijaingia nikatazama vizuri, na nilichokiona kikaniumiza zaidi. Hakuna aliyekuwa analia. Hakuna aliyekaa chini. Hakuna sufuria hata moja motoni. Watu wamesimama na glasi, wanakula sandwichi ndogo zilizokatwa pembe tatu, na maiti iko pale. Madame amesimama peke yake kwenye gauni nililolibana mimi, hana hata mtu wa kumshika mkono. Nikajisemea, huyu mama hana watu.

Basi nikatoa simu, nikiwa bado getini, nikaandika kwenye grupu: Wamama, kuna kilio Randburg, mume wa Madame wangu ametutoka, mfiwa yuko peke yake, njooni. Nikatuma na mahali penyewe. Kisha nikavua viatu, nikafunga kitenge kiunoni, nikaingia.

Nililia. Nilianza taratibu, kwa adabu, nikitaja wema wa Mzee Cliff, ndizi za watoto, ile jambo yake. Nikafika kwenye jeneza nikaanguka pale chini. Na sijui kilitokea nini, lakini ile sauti ikaendelea kutoka hata nilipokuwa nimemaliza maneno, ikatoka kama si yangu, na nikajikuta naita baba watoto, baba watoto, umeniachia nani nchi ya watu.

Wazungu wakapiga makofi.

Nawaambia kama ilivyokuwa. Wakapiga makofi, mmoja akainua simu akaanza kuchukua video, mwingine akasema kitu nilichokielewa kuwa ni vizuri sana. Nikadhani ndiyo desturi yao. Madame akapiga magoti akanikumbatia, mabega yanamtikisika, machozi yanamwagika, na mimi nikamshika kwa nguvu nikimwambia alie, alie tu mama, asijizuie. (Baadaye nilijua alikuwa anacheka. Kwa huyu mwanamke kicheko na kilio vinatoka na sauti moja.) Akaniletea chai. Nikaikataa, mtu halindi maiti huku anakunywa chai, nikabaki chini.

Mzee mmoja akasimama kuhutubia. Kiingereza changu ni cha kuomba uzi na kutaja vipimo, lakini nilishika kwamba wamekaa pamoja zaidi ya miaka arobaini, wakigombana kila siku, na sasa imefika mwisho kwa sababu ya ukaidi. Nikaona ni hotuba ya kweli kabisa kuhusu ile nyumba. Watu wakacheka. Nilishasikia kwamba wazungu wengine hucheka kwenye mazishi. Nikaendelea kulia kwa niaba yao.

Halafu nikasikia wimbo unatoka barabarani.

Wamama walikuwa wamekodi teksi nzima kutoka Bellevue, na siwezi kusema walifika haraka kiasi gani, ila mlinzi wa geti, kijana Mmalawi, alisema baadaye kwamba hakuthubutu kuwaandikisha. Waliingia kwa safu, vitambaa vyeusi kichwani, mikeka kwapani, Mama Béatrice mbele na mwiko mkononi, na nyuma yake Mama Zawadi, Mrundi mwembamba ambaye kila siku tunamwachia mzigo mzito kuliko wote, amekumbatia ndoo ya unga. Walipoona jeneza na bendera wakaongeza sauti. Mama Béatrice akasimama akaangalia zile nyota, akatikisa kichwa, akatutangazia kwa Kiswahili: "Kumbe alikuwa wa kwetu huyu." Na pale palepale wimbo ukapanda, mikeka ikatandikwa juu ya majani ya Madame, wageni wakajikuta wamekaa chini na nguo zao nzuri, maana Mama Béatrice alikuwa anawashusha kwa mabega mmoja baada ya mwingine.

Vioo vya madirisha vilitetemeka. Ndipo mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka Mzee Cliff.

Alikuwa na kanzu ya kulalia, nyeupe, nywele zimesimama, uso hauna damu kwa homa, kikombe cha chai mkononi. Mama Zawadi ndiye aliyemwona kwanza. Ndoo ikamponyoka, unga ukapaa ukawa wingu, na ndani ya wingu lile mzee akazidi kuwa mweupe. Mimi nilipiga yowe lililosikika, nadhani, mpaka kwenye robot, zile taa za magari za barabara kuu. Wamama wakarudi nyuma wote isipokuwa mmoja. Mama Béatrice alimwelekezea mwiko, akamwamuru kwa Kiingereza, kwa jina la Yesu, arudi alikotoka.

Sasa fikirieni mtu ametoka kitandani na homa, amekuta wageni uani kwake, na anaambiwa hivyo.

"Nirudi wapi?" Mzee Cliff akauliza.

"Ulikotoka. Hapa si kwako tena."

"Mimi niko nchi hii kabla wewe hujazaliwa. Hii ni nyumba yangu. Sijamkosea mtu."

"Wote wanasema hivyo," Mama Béatrice akamjibu kwa utulivu mkubwa. "Rudi kwa amani."

Mzee alitazama watu wote kama anatafuta mmoja wa kumtetea, na wallahi (naapa na mimi si Mwislamu) nilimwona midomo inamtetemeka. Halafu kikohozi kikamshika, kile cha kuvuta kabati. Mama Béatrice akashusha mwiko. Akamsogelea, akamgusa shavu kwa kidole.

"Mfu hakohoi," akasema. Kisha akageuka taratibu, mwili mzima, akanitazama mimi pale chini. "Mama Amani. Nani amekufa?"

Hapo ndipo nilipokataa kuinuka.

Madame Doreen ndiye aliyeeleza, akijifuta macho, na mimi nikalazimika kutafsiri, mimi mwenye kosa. Nikawaambia wamama kwamba aliyekufa ni umoja wa Uingereza na nchi za Ulaya, kwamba nchi ile ilipanga kuwaacha wenzake na watu hawa walihuzunika, wakaona waifanyie mazishi ya mzaha, na kwamba ile ni bendera ya Ulaya. Mama Zawadi, mweupe kwa unga mpaka kope, akauliza aliugua nini. Madame akafungua jeneza kuwaonyesha. Ndani mlikuwa na jibini na chupa za mvinyo.

Ningekuwa nimebaki na heshima kidogo kama yule mzee wa hotuba asingeongeza neno. Akasema, kwa haki, tuseme ukweli, ilikuwa Uingereza itoke jana, lakini bunge lao limesogeza siku, ila viti vilikuwa vimeshakodiwa. Ikabidi nitafsiri na hilo.

"Wamama," nikasema, "hata huyo hajafa. Ameahirishwa."

Halafu Mama Béatrice akauliza jiko liko wapi, maana samaki hawajui siasa na jua lilikuwa linawachoma, na wakapika. Walipika ugali wa ule unga uliosalia, na wazungu wakala kwa mkono pale mkekani, na Mzee Cliff akafungwa kitenge changu mabegani akaketishwa katikati yao kama mgonjwa na mshitakiwa.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipoyasikia mazungumzo ambayo Alhamisi zangu zote hazikunipa. Mama Béatrice alitaka kujua kwa nini Uingereza inaaga kila mwaka na haitoki. Alisema mwanamke anayeondoka kweli unaamka siku moja ukamkosa. Huyu anayepanga masanduku sebuleni mchana kweupe, akiuliza nani atabaki na redio, anataka kubembelezwa. Mama Zawadi akauliza kama ng'ombe wa mahari watarudishwa na kwa nani. Mzee Cliff akachangamka, akaanza wimbo wake, mashine ya kufagia, treni, foleni, na alipofika kwenye pipa la jirani wa dada yake wamama wote wakakubaliana naye, kwa mara ya kwanza nadhani alipata watu waliomwelewa, kwa sababu Bellevue nasi tunao majirani wa hivyo. Kisha Mama Zawadi akauliza kila mmoja alipiga kura gani. Madame akasema kwa sauti ndogo kwamba wao wawili hawakuruhusiwa kupiga, wamekaa nje ya nchi muda mrefu mno.

"Kwa hiyo mnagombania ndoa ya watu wengine," Mama Zawadi akasema.

Nilitafsiri. Madame alicheka mpaka akalala kwenye mkeka, lakini Mzee Cliff hakucheka. Alikuwa anafinyanga tonge moja muda mrefu. Akasema hajawahi kuambiwa maneno yale, kurudi alikotoka. Miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kumwambia. Akaonekana mtoto.

"Sisi tunaambiwa kila wiki," Mama Béatrice akamjibu, akamwongezea samaki. "Kula."

Na mimi sikuwa na pini mdomoni, nikasema pole, papa. Akaniambia pole na wewe. Basi.

Nisiwadanganye kwamba nilifurahia karamu ile. Ndani ya teksi ya kurudi wamama waliimba mpaka tukaingia barabara yetu, lakini hakuna aliyeniangalia, na wakati wa kushuka Mama Béatrice alisema tu tuonane baada ya ibada. Watoto walinikuta naosha sufuria iliyokuwa safi. Amani akaniuliza kwa Kiingereza kuna nini, nikamwambia hakuna, halafu nikaanza kumfundisha wimbo wa kilio, ubeti wa kwanza. Aliniona nimechanganyikiwa.

Jumapili tulibaki nyuma ya kanisa, wamama wote wamekaa, mimi nimesimama. Kuna waliotaka kunitetea. Mama Zawadi alisema hema lilikuwapo, jeneza lilikuwapo, nyeusi ilikuwapo, angefanyaje. Mwingine akasema video ile imetufanya tuchekwe mpaka Kigoma. Nikawaomba wasigombane. Nikasema nilitangaza kifo cha mtu ambaye sikuiona maiti yake, nikamtaja kuwa ni mume wa Madame, na mume wa Madame mzima. Sheria inanijua. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu sauti yangu ingedumu kwa sentensi chache tu.

Mama Béatrice hakuuliza habari za hema wala jeneza. Aliniuliza, "Pale chini, ulikuwa unamlilia nani?"

Ningeweza kusema Mzee Cliff, ingekuwa rahisi.

"Nilianza na Mzee Cliff," nikasema. "Halafu yeye nikamsahau."

Mama Zawadi akaanza kufuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Wao ndio walionikalia chini siku zile za Baba Amani, walioliona jicho langu kavu wakaondoka nalo hivyohivyo bila kuniuliza, na nadhani kila mmoja alikuwa ametembea nalo tangu wakati ule kama deni la kilio ambacho hakikwisha.

"Basi kifo kilikuwapo," Mama Béatrice akasema. "Tulichelewa tu kukilia. Anabaki."

Lakini yeye ni mwanamke wa sheria, na hakuniacha hivihivi. Iliamuliwa kwamba mimi Mama Amani sitatangaza tena kifo cha mtu yeyote, wa Ulaya wala wa Afrika. Nikisikia msiba nimwambie Mama Zawadi, naye aende akaone maiti kwa macho yake, aiguse, ndipo aandike. Mama Zawadi alilalamika kwamba siku zote anapewa mzigo mzito. Hakusikilizwa.

Nami nimejiwekea sheria yangu juu ya hiyo, nayo ninaishika mpaka leo: nikikuta hema, nauliza. Adabu au si adabu, nasimama getini na viatu vyangu miguuni nauliza nani, lini, na kama wana uhakika. Nimeshafukuzwa kwenye harusi moja kwa ajili hiyo.

Mkasi niliufuata Alhamisi. Mzee Cliff alikuwa amepona, na alipofika kwenye malalamiko ya wageni akanitazama, akaliruka, akaenda moja kwa moja kwenye pipa. Baada ya wiki kadhaa Madame akanipigia simu, sauti imejaa kicheko tayari. Uingereza imepangiwa siku nyingine ya kutoka, akasema, watafanya mazishi tena, na wageni wake wote wanauliza kama wamama watakuja na wimbo ule na samaki wale.

Nikamwambia kwa heshima zote kwamba tutakuja, Madame, ila safari hii marehemu afe kwanza.